Mwanzi wa Uchagani

Jilore,
2 Machi 2025

Kwa Fundi Nahashon Gichuhi,
Shella, Malindi.

Msena wangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu, na neno hilo la msena bado nakuitia wewe peke yako, maana rafiki mwingine wa kuitwa hivyo sina. Huku tu wazima, kasoro masikio yangu, ambayo sasa yameziba kabisa. Viola binti yangu akitaka kuniita hunipiga kikofi begani kama anayefukuza nzi. Ndiyo maana simu nimeacha kushika. Nelly mjukuu wangu alitaka kunifundisha kuandika humo ndani, lakini kidole changu kimoja kinafinya herufi tatu kwa mpigo. Nikamwambia, nipe karatasi, mama yako kila Jumanne anapeleka mchicha Malindi, barua itasafiri juu ya mchicha.

Nina haja nawe. Mwezi wa nane, Mungu akipenda, tunamjengea Kache kaburi. Mwaka wa nne huu mke wangu amelala chini ya udongo mtupu, na mvua zimeanza kuubomoa. Nelly ameomba siku hiyo ampigie bibi yake chivoti. Katika wajukuu wote kumi na mmoja ni huyu tu aliyerithi filimbi yangu. Anapuliza akiwa amefumba jicho moja, vile vile nilivyokuwa nikimpulizia Kache enzi za kumtafuta, nikiwa ng'ambo ya mto na yeye anachota maji akijifanya hasikii. Chivoti yangu ya mwisho imepasuka, na ya dukani sitaki. Nataka nimtengenezee mimi.

Shida ni mbili. Kwanza, sisikii, na wajua mimi tundu sijawahi kupima kwa futi. Nilikuwa natoboa, napuliza, nasikiliza. Pili, sina mwanzi mkavu. Kichaka kingalipo kando ya mto Sabaki, kile kile kilichotupa ngazi, mizinga ya nyuki, upembo wa kuangulia mapera, hata machela tuliyombebea Kache siku barabara ilipokatika. Lakini mwanzi mbichi ukiutoboa leo, kesho umepasuka. Chivoti yataka mwanzi uliokula moshi.

Unaukumbuka ule wa baba? Mzee Garama aliukata mwaka wa sabini na nane, akautundika uchagani, pale juu ya mafiga tunapoweka mahindi, akaniambia nisiuguse mpaka ukigongwa ulie. Ukala moshi miaka kumi na minne, ukawa mwekundu kama chai ya rangi. Kisha Kache akaupikia ugali! Nilimpa jina la Mama Kuni, na watoto wakalizoea.

Basi nitazamie huko kwako kama kuna kipande kikavu. Msalimie mkeo Easter.

Ni mimi mwenzako,
Kambi wa Garama


Shella, Malindi
11 Machi 2025

Kwako ndugu yangu Kambi,

Nimepokea barua yako ikinuka mchicha, na nimeisoma mara mbili. Pole kwa masikio. Mimi ni magoti.

Nimefurahi umeniandikia kabla hatujaondoka. Ndiyo, tunaondoka. Easter ameshikilia kwamba mwezi wa tisa turudi Kinangop. Nilimwambia baridi ya kule itatuua, akasema joto la huku limeshindwa kumuua miaka arobaini na miwili, acha baridi nayo ijaribu. Karakana amebaki nayo Lewis, mwanangu. Viti vya mianzi hoteli hazivitaki tena kama zamani. Sasa wanataka mirija. Mirija ya plastiki imekatazwa, basi Lewis anakatakata vimianzi vyembamba, anavisugua, anavitia katika vifuko, wageni wanavinywea maji ya madafu. Anatengeneza na miswaki, na kuna mtu amemletea soksi, eti uzi wake umetoka kwenye mwanzi. Nimezivaa. Ni soksi tu.

Tangu nijue kwamba ninarudi, naota mianzi ya kwetu. Wewe hujaiona. Ni msitu mzima, wenye ukungu, na ukipita ndani maji yanakudondokea shingoni hata bila mvua. Baba alipasua mianzi mirefu, akaitoa mafundo, akaiunganisha ikawa mfereji kutoka chemchemi hadi mlangoni. Mama alisimama pale na sufuria, maji yakaja yenyewe. Nilipofika Malindi kijana, nikiwa na jasho mpaka kwenye nyusi, nikakuona umekaa kituoni na mzigo wa mianzi begani, nilikaribia kulia. Nilidhani mwanzi ni mti wa baridi peke yake. Ulinicheka, kisha ukanilisha mihogo.

Nakuletea kwa mkono wa Viola vipande vinne kutoka kwa Lewis. Vimekaushwa na kutiwa dawa ya wadudu.

Jambo moja, Kambi. Hilo la Kache na kuni, liache. Marehemu tusimseme.

Wako,
Nahashon


Jilore,
2 Aprili 2025

Msena wangu,

Asante kwa vipande, lakini dawa yenu ni kali. Nelly alipuliza kimoja, midomo ikamwasha hadi jioni. Viola amevichukua kufungia nyanya. Na hiyo mirija imenichekesha mpaka kikohozi. Yaani mgeni ametoka kwao kwa ndege kuja kunywa dafu kwa mrija, kama mzee wa Kigiriama anavyokunywa tembo la mnazi! Mwambie Lewis awatie na kichujio cha makumbi, wamalize elimu.

Lakini umenisoma vibaya kuhusu Kache. Sina hasira naye, ni mapenzi. Siku ile, nakumbuka, nilikuwa nimetoka Marereni kwenye harusi, nilikopiga chivoti siku mbili. Nikaingia jikoni, nikatazama juu, uchaga mtupu. Nikamuuliza. Alikuwa anasonga ugali, hakugeuka. Akasema, "Labda niliuchoma." Basi! Labda! Mwanzi wa baba yangu! Fundi, sikula chakula chake siku tatu. Nilikula kwa jirani kama mgonjwa wa akili. Siku ya nne njaa ikanirudisha, naye akanipakulia. Lakini sikumwachilia. Kila masika moto ukikataa kuwaka nilimwambia, "Mama Kuni, tafuta mwanzi." Alikuwa anacheka, na mimi nikacheka, ndivyo tulivyozeeka.

Sasa sikiliza nilichopanga. Siku ya kaburi nitasimama niwasimulie watu kisa chote, wacheke, maana Kache hakupenda kilio kirefu. Na saruji ikiwa bado mbichi nitaandika kwa ubale wa mwanzi, kama ule mkunga aliomkatia Viola kitovu: KACHE, MAMA KUNI. Lionekane na vitukuu.

Nitafutie mwanzi, tafadhali. Ulioningojea miaka kumi na minne ulikwenda kwa ugali mmoja. Sina miaka mingine kumi na minne.

Kambi


Shella,
10 Aprili 2025

Kambi,

Usiandike hivyo kwenye kaburi. Kache hakuuchoma. Niliuchukua mimi.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu barua tatu nilizoanza na salamu nimezichana. Bahasha hii nimeipaka gundi mara mbili. Viola asiisome kabla yako.

Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka wa tisini na mbili. Nilikuwa na viti kumi na viwili vya hoteli, na lori lao lilikuwa linakuja mchana. Kumi na kimoja vilikuwa tayari. Cha kumi na mbili, mwanzi wa juu wa mgongo, pale mtu anapoegemeza kichwa, ulipasuka nikiupigilia msumari. Sikuwa na mwingine mkavu. Nikapanda baiskeli hadi Jilore nikikutafuta, nikakuta mji wako mtupu. Wewe ulikuwa Marereni, na niliona jembe la Kache halipo. Nikaingia jikoni kunywa maji. Nikatazama juu.

Nisikuongopee. Nilijua ni wa nani na wa nini, ulikuwa umeniambia zaidi ya mara kumi. Nilijiambia mwanzi ni mwanzi, nitamkatia mwingine, nitautundika kabla hajarudi. Nikaufunga kwenye baiskeli. Lori likaja, kiti kikaenda.

Wiki iliyofuata ulikuja karakana ukiwa umekonda, ukasema, "Kache ameuchoma mwanzi wa baba." Nilikuwa nimeshika patasi. Ningeweza kusema pale pale. Nilisema, "Pole." Kesho yake ikawa vigumu zaidi, na mwaka uliofuata ikawa haiwezekani. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ya miaka thelathini na mitatu, na kila nilipokuja kwenu Kache alinipakulia kwanza mimi.

Hoteli ile ilifungwa mwaka wa 2009, wakauza vitu vyao. Nilikwenda nikavipindua viti vyote uani mpaka nikaujua mwanzi wako kwa rangi yake. Kiti hicho nilikinunua, kiko kwangu tangu siku hiyo. Ndicho kile kilichofunikwa shuka ya maua, ambacho ukija nakikalia mimi mwenyewe. Ulidhani ni kiti cha mwenye nyumba. Nilikuwa naficha.

Siombi msamaha kwa barua. Nimesema tu ili jina la Kache lisikauke na saruji.

Nahashon Gichuhi


Shella,
20 Mei 2025

Ndugu Kambi,

Jumanne tano sasa. Viola anauza mchicha, ananisalimu kwa heshima kama kawaida, na nikimuuliza jibu ananiambia, "Baba yuko shamba." Mvua ilinyesha wiki nzima, Kambi. Hakuna mtu aliyekuwa shamba.

Lewis atakuletea kiti Ijumaa. Mwanzi wa juu ndio huo. Nimeugonga kwa kifundo cha kidole kabla ya kuufunga kwenye gari. Unalia. Ncha zote mbili zina misumari yangu, lakini katikati ni mzima.

Ukitaka kukichoma chote, kichome. Ni chako.

Nahashon


Jilore,
22 Juni 2025

Nahashon,

Nilikaa na barua yako wiki sita chini ya mto. Wiki ya kwanza nilikuandikia maneno ambayo nashukuru sikuyatuma. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo nimeivaa tangu ujana wangu. Mwanzi si kitu. Nakwambia kweli, mwanzi ungeniomba pengine ningekupa, nikalalamika, tukasahau. Lakini mke wangu, Nahashon! Ulimwona ananipakulia chakula huku namwita Mama Kuni mbele yako, na wewe ukatafuna.

Kiti kilipokuja sikukigusa. Kilikaa barazani, kuku wakakipanda. Siku ya nne Viola akakaa chini mbele yangu, akachukua daftari la Nelly, akaniandikia kwa herufi kubwa. Nilimwambia aache, nimechoka na barua. Akanishika mkono. Daftari ninalo hapa, nanakili kama alivyoandika:

"Baba, siku hiyo mimi na mama tulikuwa kwenye mahindi. Nilikuwa na miaka kumi. Tulimwona mjomba Nahashon akitoka jikoni na mwanzi, akaufunga kwenye baiskeli. Nilitaka kumwita, mama akanivuta chini, tukachutama mpaka akapita. Akaniambia, hukuona kitu. Nilipoolewa nilimuuliza kwa nini alikubali lawama. Akasema: Baba yako akinikasirikia mimi, atalala njaa siku tatu kisha atakula ugali wangu. Akimkasirikia Nahashon, atabaki bila rafiki."

Hivyo, msena wangu, Kache alikuona. Alichutama kwenye mahindi yake mwenyewe ili wewe usione haya. Na mimi nikamwita Mama Kuni miaka ishirini na tisa, naye anaitika. Nililia siku hiyo, Viola akaenda kuita majirani akidhani naumwa.

Nilikuwa nakuhesabia kosa lako, kumbe langu ni refu zaidi. Wewe ulichukua mwanzi mara moja. Mimi sikumuuliza mara ya pili. Mtu aliyetunza mwanzi huo miaka kumi na minne, aliyeufuta vumbi, aliyewakataza watoto wasiuguse, kweli angeuchoma na asiseme lini? Nilitaka jibu la haraka, akanipa. Majuto ni mjukuu, na wangu ndiye huyu aliyesimama mlangoni anasubiri chivoti.

Basi nikang'oa misumari yako. Ncha nimezikata, na kwa hiyo chivoti imetoka fupi kuliko baba alivyokusudia. Aliutaka uwe na sauti ya mzee. Nelly anasema una sauti ya msichana. Tundu nilizipangaje na masikio haya? Nilichukua kibanzi cha mwanzi, ncha moja nikaiuma, ya pili nikaigusisha kwenye chivoti, Nelly akapuliza. Nahashon, nilisikia! Si kwa masikio, ni kwa meno mawili yaliyosalia upande wa kulia. Ilikuja kwa mbali, lakini ilikuja. Nilitoboa tundu sita kwa siku sita, nikiuma na kutoboa, na Viola akisema nimerudi utoto.

Kiti nimekifunga mwanzi mpya mgongoni, wa kijani, kutoka kichakani petu. Kitapasuka, lakini kwa siku moja kitafaa.

Sasa sikiliza. Msamaha wangu unao, nimekupa leo asubuhi nikinywa chai. Wa Kache sina mamlaka nao. Tarehe 16 Agosti uje, ukalie kiti hicho mbele ya watu, na zamu yako ikifika usimame useme ulichofanya. Nami nitasimama niseme changu. Halafu Nelly apige. Siku hiyo sitaweza kuuma kibanzi, nitakuwa nimesimama mbali na wazee. Utanisikilizia wewe, kisha uniandikie ilivyokuwa. Masikio unayo, na deni la kusema kweli unalo.

Kwenye saruji nitaandika mawili tu: KACHE. HAKUUCHOMA.

Kambi wa Garama


Kinangop,
19 Oktoba 2025

Msena wangu Kambi,

Nisamehe kuchelewa. Tulifika salama, nikalala kitandani wiki mbili kwa kifua. Easter, aliyeitaka baridi, anavaa masweta matatu na hakubali kwamba anaihisi. Soksi za mwanzi nimempa yeye.

Uliniagiza nikusikilizie. Nimejaribu mara nyingi kuandika na naona kazi hii haina futi. Nitasema ninavyoweza. Uliponiita nilisimama, nikasema, na niliona watu wa Jilore wanaangalia chini. Nilidhani watanifukuza. Kisha ukasimama wewe, na hilo hukulisikia kwa sababu husikii: uliposema "mimi sikumuuliza mara ya pili", wanawake wote waliitikia kwa pumzi moja, kama walionyweshwa maji baridi. Mama mmoja nyuma yangu akasema polepole, "Afadhali amesema."

Nelly alianza kwa sauti ndogo sana. Sauti ya pili ilitetemeka, nadhani aliogopa, kisha akafumba jicho moja kama ulivyosema, ikanyooka. Ni nyembamba, lakini si kali. Ina moshi ndani yake. Alipiga ule wimbo wako wa ng'ambo ya mto, nami nikakuangalia. Ulikuwa umetazama mikono yake, na mguu wako wa kulia ulikuwa unafuata, Kambi. Hukukosa hata mara moja. Alipomaliza, ulipiga mguu mara mbili zaidi peke yako, na hakuna mtu aliyecheka. Kile kiti chako cha kijani kilipasuka nilipokiegemea, kikatoa mlio mkubwa, ndipo wakacheka, na mimi nikalia mpaka Lewis akanishika.

Huo ndio ukweli wote wa siku ile. Sijaongeza kitu.

Mfereji wa baba hauko. Siku hizi maji yanakuja kwa mpira mweusi. Lakini msitu upo, na ukungu bado unadondoka shingoni. Juzi nilipata ruhusa ya kukata mwanzi mmoja, mwembamba, ulionyooka. Nimeutundika jikoni juu ya moto wa Easter, kwa ajili ya mtoto wa Nelly, atakayekuja siku atakayokuja. Mimi sitauona ukiwa mwekundu. Nimekwisha mwambia Lewis ni wa nani.

Nikamwambia na Easter, "Huu usiuchome." Akaacha kukoroga, akaniuliza, "Na siku usipouona hapo?"

Nikamwambia, "Siku hiyo nitakuuliza mara mbili, na ugali nitaula."

Wako,
Nahashon